Mkate wa kuoka na maembe kwa jiko la mkaa: chini unaungua, katikati rojorojo

JikoniIpuli
Wakuu habarini. Naomba darasa la mkate wa kuoka na matunda, ule unaomwagiwa mayai na maziwa kisha unaokwa hadi ushikane. Walaji sita, wanne wanawahi shule, kwa hiyo saa 12 na nusu asubuhi uwe mezani. Vifaa: jiko la mkaa na sufuria mbili, moja inaingia ndani ya nyingine. Oveni hakuna, friji hakuna.

Vipimo vya sasa: mkate wa slesi gramu 400 wa jioni ile ile, mayai 3, maziwa lita moja kasoro kidogo, maembe 3 yaliyoiva sana, sukari nusu kikombe. Moto wote chini, mfuniko juu. Matokeo: chini mweusi, juu umepauka, katikati kama uji, na ukikata maji yanatiririka. Hata ukikaa saa nzima motoni, hali ni ile ile. Kosa ni mkate, maziwa au moto? Na asali badala ya sukari inafaa? Hapa Tabora asali haisumbui kupatikana.

Mwokaji_Gungu
Kosa ni yote matatu, ila anza na maji. Kwa mkate wa kukatika vipande, yai moja la kisasa lihesabie maziwa mililita 100 hadi 125. Mayai 3 hayawezi kushika karibu lita nzima, halafu juu yake umeongeza maembe laini yanayotoa maji yao. Hata ungekuwa na oveni ya umeme ungepata uji.

Vipimo vya watu sita:

– mkate wa slesi gramu 400, uliokaushwa
– mayai 5 (ya kienyeji weka 7, ni madogo)
– maziwa mililita 500, yaani vikombe viwili vya mililita 250
– asali vijiko 3 vya chakula, au sukari vijiko 4
– chumvi robo kijiko cha chai
– iliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai, au mdalasini kijiko kimoja
– embe lililokatwa vikombe viwili
– siagi vijiko 2, kimoja cha kupaka sufuria, kingine cha kudondoshea juu

Sukari nusu kikombe ni nyingi mno. Mikate yetu ya dukani tayari ina sukari, na embe nalo lina yake.

Mkate ukate usiku, vipande vya mraba vya sentimita 2 hadi 3, utandaze kwenye ungo na kufunika kwa kitambaa chepesi. Ungo uweke juu ya sufuria iliyosimama ndani ya beseni lenye maji kidogo, la sivyo asubuhi utakuta sisimizi wameshafanya kikao. Mkate wa jioni ile ile una unyevu wake, haunyonyi. Unavunjika tu na kuwa ubwabwa. Ukisahau kuukausha, upitishe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, dakika 8 hadi 10 ukigeuza, hadi kingo ziwe ngumu lakini zisibadilike rangi.

Embe chagua lililoiva ila bado gumu kidogo ukilibonyeza. Lililolegea linyweni juisi. Kata vipande vya sentimita moja na nusu, weka kwenye chujio dakika 10 yachuje, wala usiyatie sukari, maana sukari ndiyo inayovuta maji nje. Yale madogo yenye nyuzi nyingi hayafai hapa, nyuzi zinakaa kwenye meno na kipande hakikatiki vizuri.

Asubuhi: piga mayai kwa uma na chumvi, asali na iliki hadi ute usionekane, kisha mimina maziwa. Yawe yamechemshwa na kupoa hadi uvuguvugu. Yakiwa ya moto yanaivisha mayai na utaona vinyuzi vyeupe. Changanya na mkate, kandamiza kwa mwiko, acha dakika 15 hadi 20. Kipimo cha mkono: chukua kipande kimoja ukifinye. Kikiwa na kiini kikavu cheupe, bado. Kikidondosha maziwa mfululizo, mkate ni kidogo, ongeza slesi mbili. Kinachotakiwa ni kipande kilicholowa hadi ndani ila bado kina umbo.

Paka siagi sufuria yenye upana wa sentimita 24 hadi 26. Panga nusu ya mkate, tandaza nusu ya embe, mkate uliobaki, embe lililobaki. Tunda lisikae chini kabisa, maana juisi yake inakusanyika pale na sukari yake ndiyo inaanza kuungua. Kimo kisizidi sentimita 5 au 6. Sufuria nyembamba yenye kina ndiyo inayokupa ile katikati mbichi.

Mkaa_na_Majivu
Mwokaji amemaliza ya ndani, mimi nimalizie ya nje.

Dada, mkate hauivi kwa moto wa chini peke yake. Wazee walisema palia moto juu na chini, na juu ndiko uwe mwingi: theluthi moja ya makaa chini, theluthi mbili juu.

Sufuria kubwa weka mchanga mkavu uliochekechwa, kimo cha sentimita 2. Mchanga wenye unyevu unatoa mvuke, mvuke unatonesha kwenye mfuniko, matone yanarudi kwenye mkate, na hapo unarudi kwenye lile tatizo la maji. Washa mkaa wa kujaza kopo la lita 2, usubiri ushike wote hadi uanze kuvaa majivu meupe. Mkaa unaotoa moshi bado unatia chakula harufu.

Hamisha theluthi mbili ya makaa juu ya mfuniko. Usiyaweke moja kwa moja kwenye mfuniko mwembamba wa alumini, utapinda au kutoboka. Weka sinia kuukuu la chuma au kipande cha bati juu yake, kisha makaa, na yapange zaidi pembeni kuliko katikati. Ukilundika katikati, unapata duara jeusi na pembe zilizopauka.

Pasha sufuria tupu na mchanga wake dakika 15 kabla ya kuingiza mkate. Kujua kama joto linatosha, weka kijiko cha unga wa ngano kwenye kisahani cha bati, kifunike humo dakika 5. Ukiwa wa rangi ya chai ya maziwa, uko karibu na nyuzi 180 za oveni. Ukiwa mweusi punguza makaa ya chini. Ukibaki mweupe, subiri au ongeza.

Ingiza sufuria ndogo, funika ile kubwa, usifungue kabla ya dakika 25. Kila ukifungua, joto lote linaondoka. Jumla ni dakika 35 hadi 45. Juu ikishapata rangi kabla ya katikati kuiva, ondoa nusu ya makaa ya juu, ya chini yaache.

Kupima: chomeka kisu katikati. Kikitoka na maji meupe ya maziwa, bado. Kikitoka na unyevu wa njano usio na weupe, hiyo ni juisi ya embe, mkate umeiva. Wengi wanachanganya hapo na kuukausha bure.

Kisha epua na uache dakika 15 bila kukata. Mayai yanaendelea kushikana kwa joto lililobaki, na maji yanayoonekana juu yananyonywa na mkate. Nahisi sehemu ya maji yako yanayotiririka ni ya kukata mapema.

Fanyia nje au barazani. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa alfajiri lina hewa isiyo na harufu inayoua.

JikoniIpuli
Asanteni sana wakuu. Mawili tu. Kwanza, kuokoa muda, naweza kuchanganya kila kitu usiku nikaacha mezani? Pili, msimu wa maembe ukiisha nitumie nini, nanasi au papai?

Mwokaji_Gungu
Usiku bila friji hapana. Mayai mabichi yaliyochanganywa na maziwa yakikaa nje zaidi ya saa mbili ni kualika tumbo la kuendesha, na asubuhi yanaweza kunuka vizuri tu usijue. Usiku kata mkate, saga iliki, pima asali kwenye kikombe, chekecha mchanga, chemsha maziwa na uyaache yamefunikwa; asubuhi yachemshe tena upesi. Ratiba yako: saa 11 kasoro robo washa mkaa na uchemshe maziwa, saa 11 na robo changanya mkate, 11 na dakika 35 ingiza, saa 12 na robo epua.

Nanasi linafaa, ila si bichi. Lina kimeng'enya kinachokula protini za maziwa na mayai. Likikaa na maziwa mchanganyiko unakuwa mchungu na haushikani vizuri. Kata vipande vidogo, chemsha kwenye sufuria bila maji dakika 8 hadi 10 hadi juisi yake ikauke karibu yote, acha lipoe. Baada ya hapo halina neno. Papai lina kitu cha namna hiyo hiyo, na chake ni sugu zaidi kwa moto, pia likipikwa linalegea. Lile kula hivi hivi pembeni.

Kwangu mimi chaguo la mwaka mzima ni ndizi mbivu. Ndizi 4 zenye ganda lenye madoa meusi, zikatwe unene wa sentimita moja, ziingie dakika ya mwisho kabla ya kuoka zisibadilike rangi. Hazitoi maji kama embe, kwa hiyo ongeza maziwa mililita 50. Sukari punguza hadi vijiko 2.

Dada_Isevya
Naongezea kwenye asali. Inageuka rangi na kuungua mapema kuliko sukari ya mezani, kwa hiyo ukitumia asali makaa ya juu yawe machache kidogo na uchungulie dakika ya 25 hiyo hiyo. Asali ya miyombo iliyokolea rangi ina ladha nzito. Vijiko 3 vinatosha, vikizidi husikii embe tena. Ikiwa imeganda, iyeyushe kwenye maziwa ya uvuguvugu, usiitie ndani ya mayai ikiwa mabonge.

Na kama kati ya hao sita kuna mtoto wa chini ya mwaka mmoja, mpikie chake kwa ndizi tu, bila asali. Vijidudu vilivyolala ndani ya asali havifi kwa joto la kuoka, na tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia.

Mgeni_wa_Reli
Wa Gungu, mafuta ya mawese badala ya siagi yanakwenda? Huko kwenu Kigoma ndiyo yako kila nyumba.

Mwokaji_Gungu
Kupaka sufuria tu, nusu kijiko, sawa. Ndani ya mchanganyiko yanatawala ladha, mkate unaanza kunukia maharage. Mazuri, lakini siyo asubuhi na embe.

JikoniIpuli
Na asiyekula mayai? Mmoja wetu yanamdhuru.

Dada_Isevya
Kwanza soma pakiti ya mkate, mingine huwekwa mayai. Kisha tumia unga wa kastadi, ukihakikisha na wenyewe hauna mayai: vijiko 3 vya chakula kwa maziwa mililita 500. Koroga unga na maziwa baridi kidogo kwanza, ndipo umimine kwenye maziwa yanayochemka, ukoroge hadi uzito wa uji mwepesi. Upoe kidogo, mwagia mkate. Huu hauhitaji kushikana kwa mayai, kwa hiyo dakika 25 zinatosha, kazi ya moto ni kukausha juu na kutia rangi. Mpikie kwenye kibakuli cha bati kando ya sufuria kuu, humo humo kwenye mchanga, na usitumie mwiko uliogusa mayai.

Mkaa_na_Majivu
Kibakuli kiwe kimetulia juu ya mchanga, kisiguse ukuta wa sufuria kubwa, upande ule utaungua. Makaa ya juu ukiyaondoa usiyamwagie maji, yarudishe jikoni uchemshie chai.