Mrejesho: pikapu niliyoinua sasa imetulia

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu pikapu yangu niliyoiinua milimita 75 mbele kwa vipande vya spesa (vya kuongeza kimo) juu ya shokomzoba: usukani ulikuwa unatangatanga, tairi za mbele zinaliwa ukingo wa nje, na mtetemo ukiondoka na mzigo.

Waliosema nimeinua kupita kiasi walikuwa sahihi kabisa. Fundi alipopandisha gari alinionyesha ekseli za mbele zimepinda pembe kali, na mpira unaofunika jointi moja ya ekseli umeshachanika, grisi imetapakaa. Niliumia kuiona! Spesa zimetolewa, nikafunga springi na shokomzoba zilizotengenezwa kuinua gari milimita 50 tu, pamoja na wishiboni mpya za juu (mikono inayoshikilia gurudumu). Hizo wishiboni ndizo zilizoleta tofauti kubwa, kwa sababu zile za kiwandani hazikuruhusu kasta (mlalo wa mhimili wa usukani unaofanya gari linyooke) kurudi kwenye kipimo. Baada ya alaimenti (kupanga pembe za magurudumu) gari linakwenda mstari ulionyooka, hata mikono ikilegea.

Mtetemo ulitoka kwenye propela, ile shafti ndefu chini ya gari inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Beringi ya katikati imeshushwa kidogo kwa vipande vya chuma, ukaisha.

Mipira ya breki tuliikagua usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, haivutiki. Taa nazo zimeshushwa, maana zilikuwa zinawachoma macho wanaokuja mbele.

Kimebaki spidometa: tairi mpya zina kipenyo kikubwa kwa asilimia 8, kwa hiyo ikisoma 100 nakwenda karibu 108. Nairekebisha wiki hii. Asanteni sana, mmeniokolea gari.