Rauta ya Linux: simu zinapata anwani, intaneti hazipati

Mwana_Langoni: Assalamu alaikum jamaa. Niko Lamu, Langoni. Nimechukua kompyuta kuukuu ya mezani, nikaongeza kadi ya pili ya mtandao, nikaweka Debian (aina ya Linux) iwe rauta ya nyumba, yaani igawe intaneti. Kadi ya kwanza, enp1s0, imeungwa na modemu; ya pili, enp2s0, inakwenda kwenye swichi na kituo cha waifai. ip_forward (ruhusa ya kupitisha pakiti toka kadi moja hadi nyingine) inasoma 1, yaani imewashwa; nftables (sheria za kusimamia pakiti) ina masquerade kwenye enp1s0, simu zitoke kwa anwani ya kadi hiyo. Kwenye kompyuta yenyewe, ping 8.8.8.8 inajibu. Simu zinapewa anwani na dnsmasq (programu ya kugawa anwani), halafu kimya. Leo siku ya tatu, na watoto wana masomo. Naomba msaada.

Fundi_Shela: Waalaikum salaam. Tubandikie majibu ya ip route, amri inayoonyesha njia za pakiti.

Mwana_Langoni:
default via 192.168.1.1 dev enp1s0
192.168.1.0/24 dev enp1s0
192.168.1.0/24 dev enp2s0

Fundi_Shela: Hapo ndipo penye tatizo, ndugu yangu. Modemu inatumia 192.168.1, nawe ndani umegawa hiyo hiyo. Pakiti ya simu inatoka salama, lakini jibu likirudi, kerneli (kiini cha Linux) inaona anwani ile iko upande wa enp1s0, inalipeleka kwa modemu. Ndani weka 192.168.50.1/24, dhcp-range ya dnsmasq (anwani inazogawa) uibadilishe ifuate, kisha zima na uwashe waifai ya simu zichukue anwani mpya.

Mwana_Langoni: Alhamdulillahi, imekubali! Mungu akulipe kheri, shekhe. Ila msana wa yuu (chumba kirefu cha ghorofani) waifai haishiki kabisa.

Binti_Mkomani: Kaka, usilale bado. Umeme ukikatika ukarudi, ip_forward uliyoiwasha kwa amri tu inarudi 0. Iandike kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d/, sheria za nftables ziwe kwenye /etc/nftables.conf, halafu systemctl enable nftables, zipakiwe zenyewe kompyuta ikiwaka. Mimi hiyo ya mwisho niliisahau, nikashinda asubuhi nzima nikilaumu modemu.

Huko juu usihangaike na antena. Kuta zetu za matumbawe na chokaa, ukuta wangu una unene wa dhiraa nzima, mawimbi hayapenyi. Pandisha kebo kupitia kiwandani (uani), ufunge kituo cha pili juu. Na kompyuta isikae dakani (baraza ya mlangoni), feni itavuta upepo wa chumvi.

Mwana_Langoni: Nimezima, nimewasha, inasoma 1. Mita 20 za kebo zitatosha kutoka tekani (ukumbi wa ndani ya mlango)?

Binti_Mkomani: Pima kwa kamba kwanza, ukifuata kila pembe itakapopita, uongeze mita 2.