Mtakatifu Augustino: nianzie wapi na vijana?

Mama Mikindani: Tumsifu Yesu Kristo. Jumuiya yetu iko chini ya Mt. Augustino, na sikukuu yake, 28 Agosti, nimepewa niwaeleze vijana maisha yake. Washaanza kusema eti ni mtakatifu wa Wazungu. Nianzie wapi?

Mwalimu Changamwe: Milele na milele, amina. Anzia kwao, mama. Alizaliwa mwaka 354 Thagaste, leo ni Souk Ahras, Aljeria. Akasoma Karthago, Tunisia ya sasa. Ulaya alikaa miaka mitano hivi, Roma na Milano, akarudi Afrika na kuwa askofu wa Hippo, leo Annaba, Aljeria, hadi alipofariki mwaka 430. Ni Mwafrika, na hilo waambie waziwazi.

Halafu usiwasomee vyeo, waambie habari ya mapeasi. Akiwa na miaka 16, yeye na wenzake walikwenda usiku wakaiba mapeasi ya watu, mengi wakawatupia nguruwe. Njaa hawakuwa nayo, na mwenyewe asema alikuwa na mazuri kuliko hayo. Aliiba kwa utamu wa kuiba, tena kwa kuwa wenzake wapo. Peke yake, asema, asingeiba. Kijana aliyewahi kuvutwa na kundi la mtaani atamwelewa hapo hapo. Na haya kayaandika mwenyewe kwenye kitabu chake, Maungamo, akiwa tayari askofu! Nampenda sana kwa hilo.

Mengine pitia haraka: miaka tisa kwa Wamani, wafuasi wa dini ya Mani, mtoto wake Adeodato aliyezaliwa nje ya ndoa, na ubatizo kwa mkono wa Askofu Ambrosi, Pasaka ya mwaka 387. Wakubwa wakiuliza kuhusu teolojia, wagusie neema na kazi yake Mji wa Mungu, vitabu 22 alivyovianza baada ya Roma kuporwa mwaka 410.

Mama Kijana, Likoni: Mwalimu, na Monika je? Augustino alimdanganya mamake pale Karthago, akapanda meli usiku kwenda Roma, mama akaamka asubuhi analia ufuoni. Akamfuata hadi Milano! Mwanangu mkubwa hakanyagi kanisani siku hizi, na Monika ndiye ninayemshika. Sikukuu yake ni 27 Agosti, siku moja kabla. Mama, omba jumuiya ikutane siku zote mbili, ya kwanza tuwaombee watoto kwa majina.

Katekista wa Kisiwani: Naunga mkono. Ongezeni na hili: mapadri Waaugustino, shirika linalofuata kanuni ya Augustino, walikuwa hapa Mombasa enzi za Wareno, na baadhi waliuawa mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan alipoiteka ngome ya Fort Jesus. Yusuf mwenyewe alilelewa na Waaugustino kule Goa, India. Wakisema mtakatifu huyu hatuhusu, wapeleke ngomeni Jumamosi, uwasimulie pale pale. Wabebe vitambulisho vya shule, huenda wakaulizwa mlangoni.