Wahuni wasiojenga nyumba: wapunguzwe nguvu au tujifunze kupigana nao?

KobeWaMikindani: Wakuu, nisaidieni. Hapa Shangani, Mtwara, tuko sita, kila Jumamosi tunacheza Age of Empires II, lile gemu la vita la kompyuta, na wiki hii watu wamenuniana. Ugomvi ni Wahuni, si wahuni wa mtaani, ni wale wahamaji wapanda farasi wa kale, watu wa Attila. Wao hawahitaji nyumba. Sisi wengine nyumba moja inabeba watu 5 na inakula mbao 25. Ukitoa watu 5 wanaobebwa na boma la mji, kufika watu 200 ni nyumba 39, yaani mbao 975, bado muda wa mjenzi. Mhuni anakatwa mbao 100 tu mwanzoni, basi, anaanza kutoa watu mfululizo. Nataka kwetu tuweke sheria, anayewachukua abebe mzigo mwingine. Mnaonaje?

FundiWaChuno: Mnaonaje nini, hujui kujikinga. Toa warusha mikuki, chakula 25 na mbao 35, dhahabu hawagusi. Mpiga mishale wa farasi anakula dhahabu 60, na Mhuni hata akipunguziwa asilimia 20 kwenye zama za mwisho za gemu bado analipa 48. Machimbo yakiisha anabaki kulia. Wewe ukiona vumbi la farasi unazima kompyuta, halafu unakuja kutafuta sheria.

KobeWaMikindani: Umeme ulikatika. Mtaa mzima ulikuwa giza, waulize waliokuwepo.

KoroshoNaBahari: Mimi namuunga mkono Kobe. Mhamaji hajengi, anabomoa. Ndivyo ilivyo tangu Wahuni walipoichoma Baghdad 1258. Na huku kusini tumeyaona wenyewe tangu ng'ombe waletwe, unalala una shamba, unaamka una kwato. Wapunguzwe nguvu.

BintiNachingwea: Kaka Korosho, nilikuwa nasoma kimya ila hapo umenigusa. Sisi ni wafugaji wa kundi lililotolewa bonde la Usangu, Mbeya, 2006. Baba hakuhama kwa kupenda. Tuliambiwa Lindi kuna nafasi, tukaja. Ng'ombe wengine walifia njiani, waliofika wakakutana na mbung'o, nzi wanaoambukiza ng'ombe ugonjwa. Zizi lililokuwa linajaa likabaki na ndama wa kuhesabu kwa vidole. Nyumba ya tofali tumejenga, kisima tumechimba, na jirani zetu wanachota hapo. Unaposema hatujengi unamsema baba yangu.

KoroshoNaBahari: Dada, sijamtaja baba yako. Nasema nilichokiona. Bibi alipanda mikorosho, ikafika kiunoni, ikakanyagwa yote usiku mmoja. Mkorosho mpya unausubiri miaka mitatu ndipo uone korosho ya kwanza. Bibi wa miaka sabini unamwambia asubiri tena?

FundiWaChuno: Umeme haukukatika Chuno.

BabuWaMasoko: Wanangu, salaam. Kwanza Baghdad si Wahuni. Attila alikufa 453. Walioingia Baghdad ni Wamongolia wa Hulagu, miaka mia nane baadaye. Pili, mimi ni mtu wa Kilwa, na habari ya kwamba mhamaji ndiye mbomoaji inanikera. Kilwa Kisiwani msafiri Ibn Battuta alifika 1331 akausifu mji. Nani aliupora? Julai 1505 alikuja Francisco de Almeida na meli za Wareno, watu wa miji ya mawe kama sisi, wenye majumba na makanisa. Hakuna aliyeshuka pale akiendesha ng'ombe.

KoroshoNaBahari: Shikamoo babu. Na Wazimba je, wale wapiganaji waliotoka pande za mto Zambezi? 1587 hawakuingia Kilwa wakaua watu?

BabuWaMasoko: Marahaba. Waliingia, kweli. Lakini Kilwa waliyoikuta ilikwishavunjwa mgongo, dhahabu ya Sofala, bandari ya kule Msumbiji, ilikuwa mikononi mwa Wareno zamani. Usimbebeshe wa mwisho mzigo wa wa kwanza.

KobeWaMikindani: Wakuu, tumetoka Shangani tumefika Sofala. Ila dada kasema neno moja ambalo mimi nimelishika: mbung'o. Yaani mahali penyewe panaweza kumshinda mnyama, na hapo ndipo gemu lilipokosea. Farasi wa gemu hali majani! Mhamaji wa kweli nguvu yake ni malisho, na udhaifu wake ni malisho hayohayo. 1260 Hulagu aliondoa jeshi kubwa Shamu, yaani Syria. Mfalme wao mkuu alikuwa amefariki, na wengi wanasema nyasi za kule zisingewatosha farasi wale wote, maana kila askari alikuwa na farasi kadhaa. Waliobaki wakapigwa na Wamamluki, watawala wa Misri, pale Ain Jalut, Septemba mwaka huohuo. Kwa hiyo nafuta ile ya mzigo. Nyumba wasijenge, sawa, ila anayepambana na Mhuni ndiye achague ramani. Ukitaka nyika tupu, shauri yako. Mimi nitamwingiza kwenye msitu mnene, farasi wapite kwenye kichochoro.

FundiWaChuno: Msituni hata mimi na wakulima watupu nakupiga. Hiyo si sheria, ni woga.

BintiNachingwea: Kobe, farasi kukosa nyasi kwenu ni hesabu. Mimi nimemwona baba akikaa na ng'ombe aliyelala hasimami, usiku kucha, anamfukuzia nzi kwa mgwisho. Kaka Korosho, bibi alilipwa ile mikorosho?

KoroshoNaBahari: Hakulipwa. Tulizungushwa misimu miwili mpaka akasema basi.

BintiNachingwea: Na sisi hatukulipwa hata ng'ombe mmoja.

BabuWaMasoko: Shamba la bibi liko upande gani, mwanangu?

FundiWaChuno: Kobe, Jumamosi saa kumi. Mimi Wahuni, ramani chagua wewe, na jenereta naleta.