Naomba ushauri: vitako vya sanamu ndogo kwa takataka za nyumbani (niko Lamu)

Kijana_Langoni:
Assalaam alaykum wanajamvi. Binamu yangu wa Mombasa amenipa sanamu za plastiki za skeli ya 1:35: punda wawili, mchukuzi aliyejitwika gunia, na mzee aliyeketi. Rangi nimeshapaka na zinapendeza, ila nikizipanga juu ya kabati zinaonekana kama zimesahauliwa pale. Nataka kuzitengenezea vitako vyenye mandhari ya hapa kwetu: ukuta wa mawe, baraza ya kukalia, mchanga, na pembeni bahari kidogo. Vifaa vya madukani vya kazi hii huku havipatikani, na kuagiza ng'ambo ni ghali kuliko sanamu zenyewe.

Nilivyo navyo: kadibodi, povu jeupe gumu lililokuja na friji, vijiti vya mishikaki, trei za mayai, usumba wa nazi, ndara zilizokatika, machujo ya chai. Mchanga ndio usiseme. Kadibodi ikilowa gundi inajikunja, nifanyeje? Mawe nichonge kwenye nini? Na maji ya bahari yanatengenezwaje?

Mpwa_wa_Punda:
Amu yote hiyo imejaa punda wa bure, wewe unahangaika na wa plastiki 😂

Msasa_Tanga:
Mkuu, kadibodi inajikunja kwa sababu upande mmoja umelowa, na gundi ikikauka inauvuta. Dawa yake ni kupaka gundi pande zote mbili, kisha kuigandamiza chini ya kitu kizito mpaka ikauke kabisa. Ukibandika mbili pamoja, mifereji ya moja ikatize ya mwenzake. Lakini kwa nini uteseke? Seremala yeyote ana vipande vya plaiwudi anavyovitupa. Omba kimoja, piga msasa kingo, yamekwisha.

Ukuta chonga kwenye povu. Tahadhari: usilipulizie rangi ya mkebe, wala usilipake gundi ya fundi viatu, litayeyuka mbele ya macho yako. Tumia gundi nyeupe ya mbao na rangi ya maji ya ukutani.

Mama_Vipande:
Mwanangu, mimi huwatengenezea wajukuu vijumba kwa takataka hizo hizo. Machujo ya chai ni mazuri mno kwa majani makavu yaliyokusanyika kwenye kona ya ukuta, ila yaanike juani hadi yavunjike vidoleni, kisha ukishayabandika yapitishie gundi nyepesi juu. Yakibaki na unyevu yataota ukungu. Na asikudanganye mtu uweke unga au mchele ati ndio changarawe. Mende hawajui sanaa.

Usumba ukate mfupi, uchovye ncha kwenye gundi, usimamishe vifungu vifungu. Ni nyasi kamili.

Mpwa_wa_Punda:
Mchanga si uchote tu ufuoni? Huo ndio mchanga wa Lamu halisi.

Mama_Vipande:
Achote, lakini ausuuze kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) mara kadhaa kwanza. Chumvi ikibaki inavuta unyevu wa hewa, na baadaye inachomoza juu ya rangi kama unga mweupe. Kwa hewa yenu ya huko ndiyo balaa zaidi.

Fundi_Mkomani:
Waalaykum salaam ndugu yangu. Wenzangu wamesema vizuri kuhusu gundi. Mimi nitasema juu ya vipimo, kwa kuwa hapo ndipo vitako vingi huharibika: vitu vyote ni vizuri, lakini kila kimoja kimetoka dunia yake.

Katika skeli yako kila kitu kigawe kwa 35. Chembe ya mchanga ya milimita moja, kwa huyo mchukuzi wako, ni jiwe la sentimita tatu na nusu. Kwa hiyo mchanga wa chini upitishe kwenye kitambaa chepesi, na zile chembe zitakazobaki juu ziweke kidogo tu kando ya ukuta. Baraza ya nusu mita inakuwa sentimita moja na nusu hivi. Ilinganishe na yule mzee: kama miguu yake inaning'inia, baraza imekuwa ndefu.

Sasa vijiti vyako vya mishikaki. Boriti ya mkoko ina unene wa kama sentimita 12, na kijiti cha mishikaki ni milimita tatu na kitu. Ukigawa utaona ni boriti tayari, hukuhitaji kununua kitu! Vikate ufupi, upange vichwa vyake vikichungulia juu ya ukuta kama dari lililobomoka. Vyumba vyetu vya zamani ni vyembamba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa sababu boriti haivuki zaidi ya hapo. Kwako hiyo ni sentimita saba hadi nane na nusu. Huo ndio upana wa kitako chako.

Mawe usiyachonge yawe ya mraba kama tofali la block. Ukuta wa Amu ni mawe ya matumbawe ya kila umbo, yamejazwa chokaa. Kunja foili iwe donge, ulibonyezebonyeze kwenye povu, utapata vitundu vya tumbawe. Au rarua soli ya ndara, narudia, irarue, usiikate kwa kisu. Pale inapochanika panakuwa na vishimo vya asili. Mji huu ulizindua chombo kizima cha baharini kilichotengenezwa kwa plastiki ya takataka, Flipflopi, mwaka 2018, na ubavu wake umevikwa ndara. Wewe utashindwa na ukuta wa kiganja?

Plasta: karatasi ya trei ya mayai, iloweke, isage, ichanganye na gundi nyeupe, ipake nyembamba, ikikaribia kukauka ibandue hapa na pale ili mawe yaonekane. Rangi anza na kahawia iliyokoza kote, kisha burashi karibu kavu yenye rangi ya maziwa, uiparuze juu juu.

Bahari iache. Mjini ukuta wa nyumba na mchanga wa ufuo haviko pamoja, pale mbele kuna gati. Ukitaka vikutane, fanya Shela, kile kijiji jirani chenye ufuo, na hiyo ni kazi nyingine kwenye kitako kingine.

Msasa_Tanga:
Akiitaka bahari lakini, vanishi ya mbao, tabaka nyembamba, kila moja ikauke kabla ya nyingine, juu ya plaiwudi iliyopakwa buluu nzito ikififia kuelekea ufuoni. Asiende kuomba ile rezini ya mafundi boti wa fiba. Ikigusa povu, povu limekwenda.

Kijana_Langoni:
Shukran sana nyote. Fundi, umenimaliza. Bahari naiacha, naanza na ukuta na baraza. La mwisho: kwato za punda ni ndogo, gundi nyeupe haimshiki, akiguswa anaanguka.

Fundi_Mkomani:
Toboa mguu mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma kwa sindano iliyopashwa moto, ingiza uzi wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme wa zamani, utie tone la supaglu. Uzi upite kwenye mchanga mpaka ndani ya plaiwudi. Usiuishie kwenye povu, supaglu nayo hulila.

Mpwa_wa_Punda:
Na mzee?

Fundi_Mkomani:
Mzee ameketi, gundi nyeupe chini ya kanzu yamtosha.