Waifai mbili jina moja pale Likoni

Swali: Jamani, mwanangu akingoja feri Likoni hutumia waifai isiyo na nywila. Jana simu ilionyesha mbili, jina moja. Na anaingia benki humo humo! Roho yangu haitulii.

Jibu: Dada, yeyote aweza kuwasha mtandao akauita jina alitakalo. Benki atumie bando lake. M-Pesa ya menyu ya laini haipiti kwenye waifai, hiyo asihofie.

Jibu: Https, zile herufi za mwanzo wa anwani ya tovuti, huonyesha kuwa anachoandika kimefichwa njiani, lakini tovuti ya tapeli pia yaweza kuwa nazo. Asome anwani herufi kwa herufi.

Jibu: Azime ule mpangilio wa simu kujiunga na waifai yenyewe. Simu hukumbuka jina la mtandao wazi, haimjui mwenyewe. Akipita sokoni Marikiti, simu yaweza kujishikiza kwa mwengine.

Muulizaji: Shukran sana. Jioni nakaa naye tufute mitandao yote ya zamani.