Shotigani: nukta nyekundu au nibaki na kishanga? Naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Niko Iowa, Marekani, nawinda bata mzinga pori kwa shotigani geji 12 yenye kishanga tu cha shaba cha kulengea mwishoni mwa mtutu. Nina miaka 54, na alfajiri kishanga kinanipotea. Msimu uliopita dume alisimama hatua 30, mkia ameutandaza. Nikainua shavu kidogo kutoka kwenye kitako cha bunduki ili nimwone, jicho likapanda na mtutu ukalenga juu, marisau yote (vigololi vya risasi) yakapita juu ya kichwa chake. Iliniuma sana.

Nafikiria kufunga kilengeo cha nukta nyekundu (kioo kidogo cha betri kinachoonyesha nukta ya kulengea), kinasamehe shavu likikaa vibaya kidogo. Ila naogopa betri kuisha, na mvua kwenye kioo. Darubini ya kukuza sitaki, umbali wenyewe mfupi. Mliobadilisha, mlijutia?